Barua ya wazi kwa Manispaa ya Kigoma/Ujiji: Pimeni kero, msipime jina la biashara

Mstahiki Meya,
Waheshimiwa Madiwani,
Ndugu Mkurugenzi, pamoja na wataalamu wenu wa ardhi na mipango miji,

Yah: Kurekebisha kanuni za matumizi ya viwanja vya makazi na biashara

Walio wakubwa kwangu, shikamooni. Mliobaki, habari za kazi.

Ninaishi Mwanga, katika nyumba ya vyumba sita ambayo marehemu mume wangu alimaliza kuiezeka kabla simu za mkononi hazijafika mji huu. Chumba cha mbele, kinachotazama barabara, kina cherehani tatu, meza ya kukatia na kamba ya kutundikia nguo za watu. Hapo ndipo ninaposhona vitenge, sare za shule na, Idi ikikaribia, kanzu za watoto. Nyuma ya pazia tunalala. Hati ya kiwanja chetu, pale penye matumizi, ina neno moja tu: makazi. Kwa neno hilo cherehani zangu hazipo, na kama zipo hazikutakiwa kuwapo.

Sijaja kulalamika kwamba nimeonewa. Hakuna aliyenifungia mlango. Ila tokeni pale stesheni, pandeni Barabara ya Lumumba mpaka Mwanga, halafu teremkeni kwenda Ujiji, mkihesabu nyumba zenye meza ya vocha, saluni, fundi viatu, jagi la maziwa mtindi au beseni la dagaa mbele ya mlango. Mtachoka kuhesabu kabla hamjafika sokoni. Wenye nyumba hizo wote wanaishi kama mimi, kwa huruma ya kutoulizwa. Siku akija ofisa mwenye haraka, au jirani mwenye kisasi, kila mmoja wetu ana kosa tayari mfukoni.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na nyumba Ujiji, nyumba ya zamani yenye baraza mbele na ua nyuma. Barazani alikaa mgeni, hapohapo ilipimwa chumvi ya Uvinza, hapohapo mawese yalimiminwa kwenye chupa za wateja. Jioni mkeka ulitandikwa, watoto wakasomea Kurani palepale. Ukimuuliza bibi kama ile ni nyumba au duka angedhani unamtania. Na hakuanza yeye. Ujiji ilikuwa mji wa soko na misafara kabla Stanley hajamkuta Livingstone pale mwaka 1871, na soko lenyewe lilikuwa ndani ya watu, vibarazani. Hata reli ilipofika mwaka 1914 ikaishia ghuba ya Kigoma kwa sababu ya kina cha maji, watu wa Ujiji waliopanda juu kufuata kazi walikuja na tabia ya baraza lao.

Huku kutenganisha nyumba na duka kwa mstari wa rangi kwenye ramani tumekupokea. Wajerumani waliigawa Dar es Salaam kwa kanda za ujenzi, Waingereza wakaendeleza, na sheria yao ya mipango miji ya mwaka 1956, ile Sura ya 378, ikatulea mpaka ilipokuja Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007. Majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini yamebaki katika miji mingi kama makovu. Na angalieni jambo moja: Uhindini mwenye duka alilala juu ya duka lake au nyuma yake, na hakuna aliyeona ajabu. Uswahilini ndiko ilikoonekana kwamba mtu akiuza mbele ya chumba chake anachafua mji.

Najua mtasema mwamba ngoma huvutia kwake. Basi niseme na upande wa pili, kwa sababu nimekaa pande zote mbili za ukuta.

Mtaani kwetu, ndani ya muda mfupi, zilifunguliwa kazi tatu. Ya kwanza grosari. Asiyeujua mji wetu aelewe kwamba grosari haiuzi mchele wala sabuni. Inauza bia, na pamoja na bia inauza spika. Mwaka ule mwanangu wa mwisho alikuwa kidato cha nne. Alikuwa akijisomea na pamba masikioni, na ikifika saa sita usiku anahamia kwa shangazi yake Gungu na daftari zake kwenye mfuko wa shangazi kaja. Ya pili, mashine ya kusaga na kukoboa. Mwenye nayo ni mtu mwema, ananisalimu kila asubuhi, na unga wake nakula. Lakini vumbi la pumba halina adabu. Liliingia dirishani likatua juu ya gauni jeupe la bibi harusi nililokuwa nimelitundika likisubiri vifungo, na nikalifua usiku huo kwa mikono inayotetemeka. Ya tatu ni kijana wa kuchomelea mageti. Huyo anafanya kazi barabarani kabisa, na watoto wakitoka shule wanasimama kuutazama ule moto kama sinema. Hakuna kizuizi, hakuna hata turubai.

Kabla sijaendelea kuwasema, niseme na ya kwetu. Mama yangu alichemsha chikichi na kukamua mawese uani kwa miaka mingi. Ndiyo yaliyonisomesha, ndiyo yaliyonunua cherehani ya kwanza. Moshi wake uliingia kwa jirani, mzee mmoja mstaafu wa reli, na maji meusi yenye mafuta yaliteremka kwenye mfereji mpaka mlangoni pake. Yule mzee hakuwahi kusema neno. Alihamisha kiti chake tu, akawa anakaa upande wa pili wa nyumba. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwa nini alihamisha kiti.

Sasa tazameni karatasi zinavyotuona. Grosari, mashine ya kusaga, kijana wa mageti, sufuria la mama yangu na cherehani zangu: wote tuna kosa moja, na linaitwa kwa jina moja, biashara katika kiwanja cha makazi. Karatasi haitofautishi sindano na spika. Ndiyo maana anayesumbua kweli haguswi, maana akiguswa yeye inabidi mtaa mzima uguswe, na hakuna diwani atakayekubali hilo. Kanuni inayomkataza kila mtu imeishia kumlinda mwenye kelele.

Ombi langu liko hapo. Anzeni na kero, jina la biashara lije baadaye. Shughuli inatoa sauti gani, na saa ngapi? Inatoa moshi, vumbi, harufu? Maji yake yanaenda wapi? Inaita malori au inaita mama mwenye mtoto mgongoni? Inahitaji umeme wa fezi tatu? Haya yanaonekana kwa macho na mengine yanapimika kwa chombo. Kanuni za nchi za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 tayari zina viwango vya desibeli, vya mchana mbali na vya usiku mbali, na zinatofautisha eneo la makazi matupu na eneo mchanganyiko. Kwa hiyo siombi kitu kigeni. Naomba lugha hiyohiyo ihamie kwenye ramani ya viwanja.

Kazi tulivu ya nyumbani iwe halali kwenye kiwanja chochote cha makazi, bila kubadilisha hati. Nami niko tayari kubanwa. Mwenye kazi awe analala palepale. Wasaidizi wasio wa nyumba hiyo wasizidi wawili. Kibao kisizidi upana wa mlango. Ikifika saa mbili usiku mteja wa mwisho awe ameondoka. Akivunja, mtaa umwonye, akirudia asimame. Kwa fundi nguo, msusi, mwalimu wa masomo ya ziada, mama wa maandazi, fundi simu, mpika keki, hayo yanatosha. Ajiandikishe kwa mtendaji wa mtaa, apewe karatasi yake, maisha yaendelee.

Mashine, kuchomelea, useremala wa randa ya umeme na vitu vya namna hiyo ni habari nyingine, na hapo siwezi kuwaonea huruma sana hata kama ni majirani zangu. Watafutiwe mitaa yao, lakini iwe mitaa kweli. Si kuwapa pori lisilo na barabara wala nguzo ya umeme halafu tukashangaa wamerudi. Kijana wa mageti anaishi kwa mteja anayepita. Mkimpeleka asikopita mtu, mmemfunga. Kipande cha barabara kuu kinachopitiwa na daladala za Ujiji kingeweza kutangazwa chote kuwa makazi na biashara, kiwanja kwa kiwanja, kwa uamuzi mmoja wa mpango kina, yaani ramani inayopanga matumizi ya kila kiwanja, badala ya kila mwenye nyumba kuhangaika peke yake na faili lake.

Maana hilo la faili nalo lisemwe. Mtu akitaka kutoka makazi kwenda makazi na biashara kihalali, anaandika maombi, tangazo linawekwa, majirani wanatoa maoni, mtaa na kata wanasema lao, kamati ya mipango miji inakaa, kisha faili linapanda ngazi za juu za ardhi, na likirudi hati inarekebishwa na kodi ya pango la ardhi inabadilika kufuata matumizi mapya. Kwa mwenye kujenga hoteli, ni sawa kabisa, na hata mngeongeza ngazi moja nisingesema. Kwa mwenye meza ya kukatia vitambaa, safari hiyo ni ndefu kuliko mtaji wake.

Na serikali hiihii ilishatutambua kwa mkono mwingine. Desemba 2018 vilianza kutolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Nilikuwa nacho, nimekitunza. Kitambulisho kilisema mimi ni mfanyabiashara. Hati inasema mimi ni mkazi. Nyumba ni ileile, mtu ni yuleyule.

Najua makundi ya matumizi ya ardhi hayatungwi Kigoma; ni kanuni za Waziri chini ya ile sheria ya 2007. Lakini mipango kina inaanzia kwenu, na sheria ndogo mnazo, kwa uwezo mliopewa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya mwaka 1982. Lililo mkononi mwenu lifanyeni. Lisilo mkononi mwenu lipelekeni Dodoma likiwa na muhuri wa baraza la madiwani, ili lisiwe maneno ya fundi cherehani mmoja wa Mwanga.

Huko ziwani mambo yana sura yake. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa wavuvi kwa miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wapumue, niliona kwa macho yangu jinsi nyumba zinavyobeba mji. Dada mmoja wa Katonga niliyezoea kununua kwake migebuka alianza kukaanga vitumbua mlangoni kwake. Wiki ya pili mkwe wake akaleta mkaa wa kuuza kwa kopo. Hakuna aliyewapangia eneo wala aliyekuwa na muda wa kuomba kibali, na miezi ile isingesubiri kikao. Kama mlango wa mbele usingeruhusiwa kuwa duka hata kwa kimyakimya, wangekula nini?

Lakini dagaa wenyewe hawakauki barazani. Wanahitaji jua, upepo na nafasi ya vichanja, na harufu yao sisi wenyeji tumeizoea ila tusijidanganye kwamba kila mpangaji anaitaka dirishani. Basi eneo la kuanikia Kibirizi na Katonga liandikwe kwenye ramani kwa jina lake, eneo la kuanikia samaki, lisiachwe jeupe. Eneo jeupe kwenye ramani ndilo la kwanza kuotewa na mwenye fedha za ukuta na kiti cha ufukweni.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuko. Mita 60 kutoka wapi, ndilo swali la watu wa kwetu, kwa sababu ziwa hili linatembea. Mwaka 1878 kizuizi kwenye mto Lukuga, upande wa Kongo, kilifunguka na maji yakashuka kwa miaka. Ndiyo sababu mnara wa Livingstone pale Ujiji leo uko mbali na maji. Na miaka hii ya karibuni tumeona kinyume chake, maji yakipanda mpaka kwenye vibanda na kuta. Anayepima mita zake mwaka wa maji machache anajenga ndani ya ziwa. Wekeni mawe ya mpaka yanayoonekana, mkiyapima kutoka pale maji yalipofika yalipopanda sana, na yawahusu mwenye kichanja na mwenye hoteli kwa kipimo kimoja.

Kuhusu reli mpya sitasema mengi. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na sisi wa mwisho wa reli tunaisubiri kama mvua. Ila itakapofika, nyumba ya wageni itaota penye kila nyumba ya kawaida karibu na stesheni, na malori yatalala popote penye kivuli cha mwembe. Maegesho ya malori yapangwe sasa wakati ardhi bado ina bei ya kibinadamu.

Kuna jambo linaloninyima usingizi kwenye ombi langu mwenyewe, na nisipolisema nitakuwa sijawa mkweli. Mkishahalalisha chumba cha mbele, chumba cha mbele kitapanda bei. Nina wapangaji wawili. Mmoja ni mjane mwenye watoto watatu, anakaa chumba cha pili kutoka barabarani. Nikiambiwa kesho kwamba chumba chake kinaweza kuwa duka la simu lenye kodi mara tatu, je, nitamwacha abaki? Napenda kuamini kwamba ndiyo. Mwenye nyumba mwingine je? Tumeona mitaa ambayo makazi na biashara yaligeuka biashara tupu, usiku hakuna hata wa kusikia mwizi akivunja kufuli. Kwa hiyo kibali cha kazi ya nyumbani kiambatane na sharti: chumba kimoja tu cha nyumba kiwe cha kazi, vilivyobaki viendelee kuwa vya kulala watu. Atakayetaka kugeuza nyumba nzima aende na ile safari ndefu ya faili. Hapo ndipo urefu wake unapokuwa na maana.

Na tafadhali, kanuni mpya isigeuke kitabu kipya cha risiti. Mkiweka ada ya kujiandikisha, iwe ndogo na ijulikane, ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya kila mtaa. Walioko tayari wapewe muda wa kutosha kujirekebisha kabla ya kuulizwa. Nyumba isipigwe alama ya X nyekundu kwa sababu ya cherehani.

Sheria ile ya 2007 inawataka kuwaita wenye ardhi na wakazi mnapoandaa mpango, na kuionyesha rasimu ili watu watoe pingamizi. Nawaomba mtuite kwa saa tunazoweza kuja. Kikao cha saa tatu asubuhi huwa kinajaa wazee na vijana wasio na kazi, kwa sababu saa tatu asubuhi mwenye dagaa yuko Kibirizi, mwenye maandazi anaosha masufuria na mimi nina sare za shule za watu. Saa kumi alasiri tutakuja. Rasimu iwe kwa Kiswahili, ramani iwe na majina ya mitaa tunayoyatumia, na rangi zake zielezwe pembeni kwa maneno ambayo mama yangu, Mungu amrehemu, angeyaelewa: hapa utauza, hapa hutachomelea, hapa lori halilali.

Kabla ya kikao hicho, kama mtapata nafasi, njooni Mwanga siku yoyote ya Ijumaa au Jumamosi. Msije asubuhi. Njooni saa moja unusu jioni, mkae kwangu, nitawapikia chai. Saa mbili mtaniona nikifunga mlango wa mbele, na mashine ya jirani itakuwa imezimwa. Kaeni tena kidogo, mpaka saa nne. Mtaisikia wenyewe hiyo spika.

Wenu,
Fundi cherehani,
Mwanga, Kigoma